Bomba Jekundu

Jumatatu, 6 Mei
Mashine yangu ya kukagua imewashwa hatimaye hapa kiwandani! Leza inapita juu ya bomba lililopindwa, programu inalilinganisha na mchoro. Likiwa sawa, kijani. Likikengeuka, jekundu. Shemeji — mume wa dada, ndiye anayepinda mabomba — kapita akicheka, ati nimeletewa televisheni. Acheke tu.

Jumanne, 7 Mei
Mabomba ya breki za mabasi. Jekundu. Jekundu. Jekundu tena! Kona ya pili imelala mno. Wakilifunga kwa nguvu litakaa limebanwa, na bomba lililobanwa hupasuka — basi likiwa kwenye mteremko, limejaa watu. Nikamwita shemeji. Kaangalia skrini, kanuna. Ati alianza kupinda mabomba mimi sijajua kufunga kamba za viatu, leo nimuumbue kwa leza? Sijamuumbua mtu. Nimesoma skrini.

Jumatano, 8 Mei
Dada kapiga simu. Salamu hakuna. Eti mumewe hali chakula, na damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia ndiyo sababu sitaki imwagike barabarani. Akakata.

Alhamisi, 9 Mei
Meneja kaingia, kafunga mlango. Sauti ya asali. Kwani programu haina mahali pa kulegeza kipimo? Kidogo tu, mama, yote yawe kijani, mzigo uondoke. Mahali papo. Nywila ninayo mimi. Silegezi! Akanikumbusha kwamba mkataba wangu uko mezani kwake. Nikamjibu mabomba yako mezani kwangu. Nikatia mikono mifukoni mwa ovaroli. Sauti haikutetemeka — hilo najisifu.

Baada ya yeye kutoka, shemeji kaja peke yake. Hakunitazama. Kaomba aione tena ile kona. Nikaizungusha kwenye skrini, polepole, pande zote. Mwisho kanung'unika: kalibu ya kupindia imechakaa, alimwambia meneja, akaambiwa apinde hivyo hivyo. Nikamuuliza, sasa mbona umeninunia mimi? Kaondoka.

Ijumaa, 10 Mei
Naandika nimekalia sanduku la mabomba. Kweli kabisa! Meneja kaamuru yapakiwe hivyo hivyo, mekundu yote, lori linanguruma getini. Nikaketi. Akasema niache utoto. Nikasema anibebe pamoja na mzigo. Wenzangu wameacha kazi, wanachungulia. Aliyekuwa asali jana leo ni pilipili — nimefukuzwa mara mbili na bado nimekaa. Wafukuze hata mara kumi. Nikiondoka, naondoka nikiwa nimekataa.

Sasa kamtuma shemeji na toroli aje abebe sanduku. Nayasikia magurudumu. Siinui macho. Naandika tu.

Kafika. Toroli imesimama. Meneja anapaza sauti kutoka mlangoni: anasubiri nini?

"Shemeji," kaniambia, "sogea kidogo."

Uso wake hausomeki. Niondoke, au nimpe nafasi ya kukaa?

Nimesogea. Kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja kukaa —