Nembo Kubwa Kama Sahani

Jumamosi, 4 Machi
Alhamdulillahi, tumekuwa wakubwa! Katibu wa chama cha kriketi kaja mwenyewe hadi kibarazani: nchi imepewa hadhi ya juu kabisa, sasa tunakaa meza moja na mataifa yenye mchezo wao. Mwanangu, mpigaji wa kwanza wa timu, kanibeba juu juu, cherehani nusura ianguke. Kazi yangu: kufumua nembo ndogo kwenye masweta ya timu, kushona kubwa. Kubwa kweli — kama sahani! Vifua vya vijana ni vilevile.

Jumatano, 19 Aprili
Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka hatuchezi nao tena. Miaka yote tulicheza — leo tunawafunga, kesho wanatufunga, tunataniana mpaka tunachoka. Ati si daraja letu. Nikamuuliza katibu, hao wa daraja letu wanakuja lini? “Wana ratiba ndefu, mama.” Ndefu kweli: wao kwa wao. Yaani tumealikwa karamuni tukaonyeshwa picha za chakula.

Jumapili, 9 Julai
Uwanja una kufuli. Nyasi zisikanyagwe kabla ya wageni. Wageni gani? Mola ndiye ajuaye. Mwanangu katia mpira kwenye soksi, kauning'iniza kwenye kamba ya nguo, anaugonga kutwa katikati ya shuka zangu. Nimejikuta navuta tasbihi kwa kufuata mapigo yake. Mungu anisamehe. Halalamiki, huyu mtoto. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 2 Oktoba
Majirani wamemwita. Marehemu baba yake alizaliwa kwao, kwa hiyo wanaruhusiwa kumchukua. Wao, wadogo, wana mechi kila wiki! Kaniletea sweta lake. “Mama, toa nembo.”
Nikamwambia, ukishachezea kwao, kurudi huku si leo wala kesho.
“Huku wapi, mama? Kwenye kufuli?”
Gari lake linaondoka jioni hii.

Sasa yuko bafuni, begi lipo mlangoni. Nimefumua upande mmoja — kwa nini nilishona uzi mara mbili! — simu yake ikalia. Nikapokea. Katibu, anahema kwa furaha: taifa kubwa moja limekubali kuja. Lini? Mwakani, huenda. Mechi ngapi? Moja, huenda. “Mwambie asiende popote, mama!”
Nikasema inshallah. Nikakata. Simu kwanza, kisha uzi.
Maji yamenyamaza bafuni.
“Mama, tayari?”
Simu inaita tena. Nimeifunika kwa nembo. Imeenea yote.