Fizible Moja ya Kamera na Telefone

Mama wangu mupenzi,

Muko namna gani? Ule mugongo, kisha kukimbia kule kote, unabaacha mulale? Sisi huku Lubumbashi tunapumua, Mungu iko. Toka vita ilifika kwenu sijasikia sauti yenu, njo maana ninashika bic, hata kama munajua niliacha masomo mapema. Mama Furaha, mwenye kuuzisha bitenge, anapitia Zambia mpaka Butembo. Atabapatia hii barua mu mukono.

Mama, iko jambo yenye kunichanganya kichwa. Baba Baraka alipata mutuka ya taxi, ya kutoka Japani. Iko na kamera nyuma: ukirudisha nyuma, televizio kidogo inakuonyesha kama kuko muntu. Kumbe ile kamera ikakufa. Televizio nyeusi, na maandiko ya Kijapani, na miye hata Kifaransa ninasoma polepole. Baba Baraka akatukana mwenye alimuuzishia.

Juzi asubuhi alikuwa anarudisha nyuma, nikapiga kelele. Baraka alikuwa ameikaa nyuma ya gurudumu, anakula udongo. Mutuka ikasimama, ilibakia urefu wa mukono. Mukono yangu tu, Mama.

Nikasema nitaitafuta ile ugonjwa miye mwenyewe. Nikaosha kamera na sabuni: nyeusi. Nikatikisa waya: nyeusi. Nikaita jirani, Papa Ilunga, alitumikaka kazi ya kuran, ile ya umeme, ku reli. Akafungua kisanduku ya fizible, bile bipande bidogo bya kulinda waya, chini ya volant ya kuendeshea.

"Mama Baraka, mahali ya kamera kuko shimo. Nani alitosha fizible mule ndani?"

"Sijue, papa."

"Basi ni shetani, na iko na pense ya kungolea."

Njo nikakumbuka. Siku kuran ilikosa mu kartiye yetu nzima, nilikuwa ninachajia telefone mu mutuka. Fizible ya pale ikaungua. Nikaona ingine ya rangi ileile, nikaitosha mahali yake, nikaiweka ku ile ya telefone. Nilizania ni ya akiba, sawa kile kifungo banashonaka ndani ya shati. Juu mulituma habari kama mutapiga, sikutaka telefone ikufe.

Nikaambia Baba Baraka. Akasema: "Na miye nilimutukana mpaka mama yake."

Bantu ba kwetu benye kuuzisha bipande bya mutuka bamefunga maduka juu ya ile vita, kila muntu anatafuta jamaa yake. Fizible imebakia moja. Asubuhi ninaiweka ku kamera, mutuka itoke. Jioni ikirudi, ninaiweka ku telefone. Sijue kama njo vile banafanyaka. Papa Ilunga anaitikisia kichwa, lakini hakatale.

Musalimie Mama Mudogo mwenye alibapokea, na kaka Muhindo kama amefika, na mama wa kanisa mwenye alinifundisha kushona.

Mupige jioni, Mama. Muchana telefone inaweza kunyamaza, musiogope. Jioni niko ndani ya mutuka, Baraka ku mapaja, waya imechomekwa, tunabangojea.

Mutoto wenu,
Kahindo, mama wa Baraka