Ukoo wa Irakoze

Shively, 2 Machi 2025

Joselyne mwanangu,

Umeamkaje huko Columbus, na kile kifua kimekuachia? Mimi nipo, ila magoti yananipandisha ngazi kama bibi harusi.

Habari ya kifo cha Shannon, mama yake Irakoze, imenikata maini. Figo, na umri ule! Sasa Irakoze hana baba wala mama, na serikali imempeleka kwa watu baki wakati mimi bibi yake ninapumua. Pacha wako Theogene lori lilimuua kabla hajamwona mtoto, lakini jina alikwisha kumwachia. Jina la Kirundi! Hakimu anataka nini tena?

Nenda kawaambie mtoto ni wetu, nije nimchukue. Usinipigie simu, nikisikia sauti yako nitalia tu. Andika.

Mama yako,
Flavia


Columbus, 23 Machi

Mama, shikamoo.

Kifua kimepoa, pole na magoti. Nilikwenda, Mama. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Irakoze mahali pa baba ni patupu, maana Theo alikuwa ameshafariki na hawakuwa wamefunga ndoa. Jina si ushahidi. Hakimu anakubali mambo mawili: upimwe mate wewe na mtoto kuona kama damu ni moja, au ndugu wa Shannon aje aseme alimjua Theo kuwa ndiye baba. Hao ndugu hakuna anayewajua. Shannon alikuwa akisema kwao ni Waairishi, basi.

Nimekwenda maktaba. Kuna mama pale anasaidia watu kutafuta mababu zao. Nikamwambia nataka kuanzia Ireland. Akasema kila mtu hutaka kuanzia huko, na kila mtu hupotea. "Anza na aliyekufa juzi, urudi nyuma hatua moja moja." Basi nimeanza na cheti cha kifo cha Shannon. Mama yake alizaliwa Lackawanna, karibu na Buffalo. Nimewaandikia parokia wanitazamie kitabu cha ubatizo.

Wewe nenda kliniki ya hapo jirani, Louisville, karatasi ya kipimo nimeiweka humu.

Binti yako,
Joselyne


Shively, 13 Aprili

Mwanangu,

Sijambo, magoti vilevile. Kliniki siendi. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, nilihojiwa miaka kumi, na kila mara nilisema hawa wawili ni mapacha wangu. Imetosha. Mate yangu hayana la kuongeza.

Endelea na hao Waairishi, ni wazo zuri. Wapate haraka.

Mama yako,
Flavia


Buffalo, 25 Mei

Mama, shikamoo. Magoti je?

Nimewapata. Kitabu cha ubatizo kilinipa jina la bibi yake Shannon, jina likanifikisha makaburini Lackawanna. Kaburi lilikuwa na maua mabichi. Mtunzaji akaniambia ni ya Noreen, mama mdogo wa Shannon, anakaa Tonawanda, akampigia. Alinikaribisha chai. Ukutani ana ukoo wao wote, vizazi saba, mpaka yule babu aliyetoka Mayo, huko Ireland, akikimbia njaa. Nilifurahi hata chai ikanipoa kikombeni.

Kumbe yeye na dada yake walinuniana miaka ishirini. Theo hamjui. Hakujua hata kama Shannon alikuwa na mtoto. Alilia sana, Mama, halafu akauliza Irakoze yuko wapi, nikamwambia. Ningemnyimaje?

Bahati nzuri, kabla ya kusafiri nilikuwa nimekwenda kupimwa mimi na mtoto. Pacha ni pacha, hata wewe usipotaka.

Binti yako,
Joselyne


Columbus, 29 Juni

Mama, shikamoo.

Majibu yametoka. Mimi na Irakoze si ndugu. Niliwaambia wamekosea, wakarudia, ikawa vilevile. Nikataka kumlaumu Shannon, Mungu anisamehe. Halafu nikaitazama picha ya mtoto. Ni Theo mtupu, hadi mwanya wa meno.

Kwetu mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, hata walevi wanajua hivyo. Sisi kwa nini hatukuitwa? Nijibu, Mama. Kesi ni tarehe 21 Julai.

Joselyne


Columbus, 27 Julai

Mama,

Hukujibu. Noreen alikuja na karatasi zake zote, hakimu akazisifu. Irakoze amekwenda Tonawanda. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia.

Si mtu mbaya. Anataka majina ya upande wa baba, ayaandike pale ukutani. Nimwambie nani?

Joselyne


Shively, 14 Septemba

Joselyne,

Hali yako sikuulizi, ninajua nani amekuumiza.

Mwaka 1996, kambi ya Mtabila, ulikuwa na wiki tatu. Jirani yetu Angelika alijifungua asubuhi, jioni akafa. Mumewe, Gaudiosi, alikuwa ameuawa tukikimbia. Nilimchukua mtoto nikampa titi la pili, na baba yenu, Mungu amrehemu, akawatandikia pamoja. Mwandishi wa kadi za chakula alipofika nikamwambia ni mapacha. Ningesema kweli, Theogene angepelekwa kwenye hema la yatima, na huko walikuwa wanazika kila juma. Bukuru na Butoyi niliogopa kuwaita. Kadi unaweza kuidanganya, Mungu je?

Nilingoja mkue. Mlipokua tukaletwa Marekani kwa kadi ileile, nikaogopa tutarudishwa sote. Alipokufa Theogene nikasema, nimfanye yatima akiwa kaburini? Ningemweleza hakimu mwezi Machi, pengine angenisikiliza, maana kulea nako ni uzazi. Nikaona afadhali nikutume kwa Waairishi. Nimempoteza mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe kunyamaza, na hakuna wa kunipoza.

Mwambie Noreen aandike: baba wa Theogene ni Gaudiosi, mama ni Angelika. Mimi asiniandike. Atakuuliza hao walizaliwa na nani, walitoka kilima gani. Sijui, mwanangu. Tulikaa hema kwa hema na Angelika miezi sita, tukagawana chumvi, na sikuwahi kumwuliza. Waliomjua wamekwisha wote. Upande wa baba wa Irakoze unaishia hapo.

Mama yenu wote wawili,
Flavia