Joto la Mama Lilikuwa Mia Moja na Tatu

Jumanne. Kitale imenyeshewa tangu saa nane mchana. Sasa ni jioni na mvua imetulia. Mimi sijatulia.

Nauza katika duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku. Leo mama mmoja kutoka Endebess alikuja kununua vifaa vya kulelea vifaranga. Akasoma karatasi ya maagizo, akashika kiuno.

"Ati vifaranga wakae kwa joto ya tisini na tano? Wewe, nataka kufuga kuku, si kuchoma!"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko yeye. Daktari wa mifugo, ambaye hupita dukani kila Jumanne, alivuta kipande cha katoni akaanza kuandika.

"Hii si Selsiasi yetu, mama. Ni Farenhaiti, ile ya Amerika. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa."

Tisini na tano ikawa thelathini na tano. Joto la kawaida tu la vifaranga wachanga.

Yule mama akaenda zake ameridhika. Mimi nilibaki nimeshika ile katoni, kwa sababu mzaha kama wake niliwahi kuutoa mimi.

Mwaka jana Mama aliugua nyumbani Sirisia. Baba alimpima kwa kipimajoto ambacho binamu yangu alituletea kutoka Amerika, kisha akanipigia simu. Alisoma polepole, jinsi anavyosoma kila kitu. "Imesema mia moja na tatu."

Mimi nilifika kidato cha nne. Tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii mia moja, na hilo ndilo jambo la sayansi ambalo sijawahi kulisahau. Nikamjibu, "Baba, mia moja na tatu ni sufuria ya chai, si mtu. Hiyo kitu imeharibika, ama hujavaa miwani."

Nilimsikia Mama kwa nyuma akicheka, sauti yake nyembamba. "Mwambie basi alete majani."

Baba alitaka kutafuta gari wampeleke hospitali Bungoma siku hiyo hiyo. Nikasema angoje, ampe dawa ya maumivu, ampumzishe. Mimi ndiye msomi wa nyumba, kwa hivyo alinisikiliza. Alingoja siku mbili. Walipofika hospitalini, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Mama alituacha Ijumaa, kabla sijafika.

Leo nimefanya hesabu mara tatu. Mia moja na tatu, toa thelathini na mbili, sabini na moja. Mara tano, mia tatu hamsini na tano. Gawanya kwa tisa. Thelathini na tisa na nukta nne.

Kipimajoto hakikuwa kibovu.

Wala macho ya Baba. Na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Alikuwa akisoma somo la kwanza kanisani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tangu tumzike Mama hasomi tena. Husema macho yake yalimdanganya siku ile, kwamba pengine mtu mwenye macho mazuri angeona namba ya kweli na kujua la kufanya. Nimemwacha aseme hivyo mwaka mzima. Wakati mwingine nilimwitikia.

Nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Nilikaa kitandani na simu mapajani mpaka chai yangu ikapoa.

Nikampigia Baba. Nikamweleza yote, pamoja na kule kutoa na kuzidisha.

"Kwa hivyo nilisoma sawa."

"Ulisoma sawa, Baba. Mimi ndiye nilikosea."

"Na hiyo thelathini na tisa, ni joto ya namna gani?"

Nilitamani kumpa jibu jingine.

"Ni ya kukimbiza mtu hospitali, Baba."

"Nekesa, kuja nyumbani Jumamosi," akasema, akakata.

Hakusema kama amekasirika, na mimi sikuthubutu kuuliza. Jumamosi nitaenda. Nitakaa mbele yake aniulize lolote analotaka, na safari hii sitamjibu kama mtu anayejua.