Hatua Zilizokuwa kwenye Diski ya Tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini nikianza kuongea nawe bila shikamoo nahisi utanikata jicho huko huko uliko.

Kompyuta yako imewaka. Ile ile ya rangi ya maziwa yaliyolala, uliyokuwa ukiifunika kitambaa cha kufuma kama mkate wa sinia. Tangu uondoke ilikaa pembeni mwa kabati. Mama hakutaka itolewe, na mimi sikutaka kuigusa.

Aliyenifanya niiguse ni Mama mwenyewe. Alilazwa hospitali ya Kitete wiki mbili kwa ajili ya moyo. Siku aliyorudi nyumbani hakuomba uji wala maji, akaniuliza, "Shabani yuko wapi?" Nikadhani anaweweseka. Kumbe anamuulizia mtoto wenu, mdogo wangu aliyeishi siku tisa. Unajua mwenyewe ilivyo kwetu: wanaume huenda kuzika, wanawake hubaki nyumbani na kilio. Mtoto ulimbeba wewe mikononi ukaenda naye, na Mama hakuonyeshwa kaburi. Kila alipokuuliza ulisema, "Limeandikwa, lipo kwenye mashine." Sasa anataka akifa alazwe karibu na mwanawe, na vile vibao vya mbao vya makaburini, Baba, mchwa wamevimaliza.

Kuandika uliandika, hilo sina shaka nalo. Katibu wa kamati ya maziko wa mtaa mzima! Jina, siku, hatua ngapi kutoka kwenye ule mtende mkubwa, kisha hatua ngapi upande wa kibla. Watu walikucheka, eti katibu gani anapima wafu kwa miguu. Wewe ukanichukua Jumamosi, tukashika njia ya zamani ya misafara hadi Kwihara, ukinifundisha hatua moja tu. "Usirefushe, usifupishe. Babu wa babu yako alibeba pembe hadi pwani kwa hatua hii hii." Nilipochoka ulikataa kunibeba, ukasema nitapoteza hesabu. Nilikuchukia siku ile. Hadi leo natembea kipagazi hata nikienda sokoni kununua nyanya.

Rejista yako ilikuwa kwenye diski saba, ndani ya lile kopo la biskuti. Mdomo wa kompyuta unaozisoma ulishakufa kwa vumbi. Siku hizi kuna kifaa kinachofungwa mahali pake: unakichomekea flashi, nacho kinaidanganya kompyuta kwamba imemeza diski. Nikakiagiza Dar. Kilichobaki ni kuzinakili diski kwenye laptop kwa kisomeo kidogo cha pembeni, kisha kuzihamishia kwenye flashi.

Kabla ya kuanza nikazisafisha. Mimi na usafi wangu! Kila diski ilikuwa na kipande cha plasta ya kidonda kwenye kona, kimekuwa cheusi, kinanata. Nikavibandua vyote saba kwa kucha, nikapangusa gundi kwa spiriti, huku nikijisifu kwamba namheshimu marehemu.

Haikusomeka hata moja. Nilizonakili kwa nguvu zilipofika kwenye kompyuta yako zilitoa herufi zilizovurugika, kisha ule ujumbe wake: kosa la data, ujaribu tena? Nikajaribu tena. Nikabadilisha flashi, nikabadilisha waya, nikakitukana kifaa cha watu bure. Laptop nayo kila nikiingiza diski inaniambia hii haijafomatiwa, niifomati? Siku ya nne nikampigia fundi aliyeniuzia. "Dada, kifaa ni kizima, shida ni diski zako. Fomati moja tuone kama inashika." Ilikuwa mchana wa jua kali, Mama anakohoa chumba cha pili, nimechoka na nina hasira. Diski iliyokuwa ndani ilikuwa ya tatu. Nikabonyeza ndiyo.

Ikashika. Tena bila kosa. Laptop ikaniambia kwa furaha kwamba sasa nina diski tupu, yenye nafasi mara mbili ya ile uliyokuwa ukiitumia wewe.

Mara mbili! Ndipo nikakuona, Baba, umekaa kwenye kigoda chako unakata plasta ambayo Mama alikuletea ya vidole vyako, nami nakuuliza unatibu nini. "Naziba tundu la kona ya diski," ulisema. "Mashine yetu inaandika kidogo, na diski zinazopatikana mjini ni za kubeba mengi. Tundu likiachwa wazi, mashine nyingine itaisoma kwa kipimo kisicho chake." Nikakuuliza kwa nini plasta. "Kwa sababu ndiyo iliyopo." Tukacheka wote wawili. Nililikumbuka lile cheko dakika tano baada ya kubonyeza.

Nikaenda duka la dawa mbio, nikakata vipande, nikaziba matundu. Diski sita zikasomeka mwanzo hadi mwisho. Kile kifaa hakina kinachozunguka ndani, kwa hiyo wamekiwekea kispika kidogo kinachoiga mkwaruzo wa zamani. Kikaanza kukwaruza. Mama akaita kutoka chumbani, "Baba yenu anaandika?" Nikaacha mlango wazi asikie.

Shabani alikuwa kwenye diski ya tano. Hatua arobaini na moja, kisha kumi na nne upande wa kibla. Wengine wote hukuwaongezea neno. Yeye umemwongezea: *Nimembeba mwenyewe.* Nimekaa nawe nyumba moja miaka yote ile, sikuwahi kukuona unamlilia.

Tulikwenda kwa bajaji, nikahesabu, Mama nyuma yangu ameshika bega langu. Nilipomwambia ni hapa, alikaa chini na miguu yake ile ile mibovu, akaweka kiganja kwenye udongo. "Umekaa peke yako sana, mwanangu," akasema. Alilala vizuri usiku ule.

Habari mtaani haina breki. Kesho yake akaja jirani yetu Bi Zuwena na mkongojo wake. "Mwanangu, nasikia mashine ya marehemu inasema. Nami nitafutie wangu." Mumewe, Mzee Idi. Juu ya kila diski umeandika majina kwa kalamu, Baba, na jina la Mzee Idi liko juu ya ile ya tatu. Majina ishirini na sita. Hatua zao nimezifuta mimi.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, wallahi. Yeye akaniwahi: "Tangu watoke naye mlangoni sijawahi kumsalimia." Mdomo wangu ukasema, "Thelathini na mbili, kisha tisa." Nikatangulia mbele yake kwa hatua yako, sikurefusha, sikufupisha, nikasimama mahali ambapo ardhi ilikuwa imebonyea kidogo. Akasoma Fatiha yake taratibu. Akapanda mshubiri hapo hapo.

Sasa anakwenda kila Ijumaa. Akipita dirishani kwangu anasema, "Mungu amrehemu baba yako, kazi yake haikupotea." Nami naitikia amina. Ile diski nimeibandika plasta, nimeitoa, nimeibandika tena. Kila alasiri naiweka kwenye kisomeo, kinakwaruza na kukwaruza, kisha laptop inaniambia hakuna kitu. Nyumba nzima inanuka spiriti, na mkwaruzo nausikia hata nikiwa nimezima umeme.

Mama nimemwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kamwambie mwenzio, asije akalala kwa mume asiye wake." Jana nikafika mlangoni kwa Bi Zuwena, nikamkuta anajaza maji kwenye dumu. Mshubiri wake umeshika, akataka nikauone. Nikasema nimekuja kumjulia hali tu, nikarudi.

Kesho ni Ijumaa, na safari hii ameniomba nimsindikize. Usiku huu nikilala, Baba, kama una ruhusa ya kuja, usije na msamaha. Njoo na hesabu mbili tu: ngapi kutoka mtendeni, na ngapi upande wa kibla.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
uliyemfundisha hatua.