Maji Matamu ya Shangazi Mbeyu

Barani, Malindi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukulaze huko kwetu Ganze, mvua za masika zimekuja zikaisha, na mihogo uliyoipanda kwa mikono yako tumeanza kuila. Bi Mwanaisha, jirani yako, bado hupita kila asubuhi baada ya sala yake ya alfajiri kutujulia hali. Akifika, huangalia kwanza pale barazani ulipokuwa ukikaa, ndipo aniangalie mimi.

Ninakuandikia kwa sababu kina mama wa kanisa wamenichagua niwaongoze, nafasi uliyoishika wewe. Mimi, Sidi. Ulimi ulitaka kusema hapana pale pale. Nikawaomba wanipe muda, kwa kuwa nilitaka kwanza nizungumze nawe.

Unakumbuka nilivyofika kwako kutoka bara? Nilikuwa msichana wa moto. Kwaya, darasa la watoto, kuzuru wagonjwa, mikesha, kufunga. Nilidhani imani ni kutotulia. Wewe uliniangalia tu. Ulikuwa na kisima nyuma ya nyumba, alichokichimba marehemu mumeo, na kila siku ulikiendea kabla hapajapambazuka vizuri. Nilidhani unachota maji. Asubuhi moja nikakufuata, nikakukuta umeketi kando yake umefumba macho, ndoo tupu miguuni. Ulikuwa unaomba. Hukunifukuza, wala hukuniita. Ulisogea kidogo nipate pa kukaa.

Kisha ukaja ukame ule, tulipokula mahindi ya njano ya msaada mpaka watoto wakayachoka. Visima vya mtaani vikakauka, vingine vikageuka chumvi. Watu wakaja kwako na madebe. Hukumrudisha mtu, awe Mkristo, awe Mwislamu. Ila uliweka sharti: kila mmoja achote debe lake moja, na ikifika adhuhuri kisima kifunikwe kipumzike mpaka alasiri.

Ndipo maneno yalipoanza. Baba Kazungu, jirani yetu wa upande wa pili, yule mwenye sauti nzito kwenye kwaya, alisema mbele za watu kwamba umeyawekea maji ya Mungu kifuniko. Waliomwunga mkono hawakuwa wachache. Kina mama wakakuweka kikao, wakakutaka ufungue kisima kutwa nzima, au uache uongozi. Nilikaa nyuma nikikuombea. Wewe ulisimama, ukaifunga leso yako vizuri, ukasema taratibu kama mtu anayemweleza mtoto:

"Pwani yetu hii, maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukichota kwa utaratibu, ardhi hukuletea mengine. Ukichota kwa pupa, bahari hupanda. Uongozi ni wenu, uchukueni. Kisima ni cha wote, ndiyo maana sikiachi kiharibike."

Wakauchukua. Ukawashukuru, Shangazi. Ukarudi nyumbani, na ilipofika alasiri ukakifunua kisima na kuwachotea wale wale waliokuvua cheo. Nilikuwa nimeshika debe la pili, nikikutazama uso. Nilitafuta uchungu, sikuuona.

Baba Kazungu alichimba chake, akaazima mashine ya kuvuta maji kwa ndugu yake. Maji yakatoka kwa fujo, watu wakashangilia, foleni yetu ikapungua. Haukupita muda, mkewe akapika chai asubuhi, hainyweki kwa chumvi. Mtaa mzima ukarudi kwako. Yeye alijikaza siku mbili tatu, kisha akaja mwenyewe, debe mkononi, macho chini. Mimi nilisubiri umseme. Ulimwuliza habari za watoto. Ukamjazia debe, ukamsaidia kujitwika, ukamwambia, "Chako nacho kifunike, Baba Kazungu. Usikiguse. Kitarudi."

Na mvua zilipokuja, kikarudi. Kanisani hakuna aliyemcheka, kwa kuwa wewe hukumcheka.

Lakini funzo langu mimi lilikuja kabla ya mvua hizo. Ukame uliongeza wagonjwa, nami nikaongeza mbio. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa mtaa wa Kisumu Ndogo kumwombea mama mmoja aliyezidiwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Si kwamba nililia. Ningelia ingekuwa nafuu. Ndani mwangu mlikuwa mtupu, na chini ya utupu huo mlikuwa na hasira tu: juu ya mgonjwa, juu ya jamaa zake wanaonikodolea macho, juu ya Mungu pia. Mwenzangu niliyekwenda naye akamalizia sala. Nikarudi nyumbani nikakwambia kwamba mimi imani sina tena.

Hukunihubiria. Ilikuwa adhuhuri. Ulinishika mkono, ukanipeleka kisimani, ukasogeza kifuniko kidogo, ukaniambia nisikilize. Mwanzo sikusikia kitu. Halafu nikasikia: tone moja, kimya, tone jingine, maji yakichuruzika kutoka kwenye mawe ya ubavuni.

"Umewapa watu mpaka bahari imeanza kupanda ndani yako, mwanangu," ulisema. "Imani haijaondoka. Inataka ifunikwe nayo."

Kuanzia siku hiyo, kila adhuhuri tulikaa pamoja, mimi nawe, bila wimbo wala maneno mengi. Nilipolalamika kwamba sioni mabadiliko, ulinionyesha shamba lako la mihogo ukaniuliza kama huwa unaifukua kila wiki uone imefikia wapi. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Baada ya miezi nilimrudia yule mama wa Kisumu Ndogo, naye alikuwa amepona, akinisonga kwa maswali na uji wa moto. Nikaomba kwa sentensi chache tu. Zilikuwa tamu, Shangazi. Mwenyewe nilishangaa.

Sikuwahi kukuuliza ulijifunza wapi mambo hayo. Nilidhani muda tunao. Nadhani uliyaona tu, kwa sababu ulikuwa ukikaa kimya vya kutosha hata viumbe vya Mungu vikakuzoea, vikakwambia siri zao. Nimekutana na wahubiri wengi. Sijaona mwingine aliyeishi namna alivyosema, hata alipokuwa peke yake kisimani na hakuna wa kumsifu.

Kwenye maziko yako Baba Kazungu ndiye aliyeanzisha wimbo. Ubeti wa pili ukamshinda. Bi Mwanaisha, asiyeujua wimbo wenyewe, akamshika mabega mke wa Baba Kazungu, wakasimama hivyo mpaka tulipomaliza kurudishia mchanga.

Basi nimeamua. Jumapili nitawajibu kina mama kwamba nimekubali. Ninakuahidi sitawaongoza kwa mbio. Nitakapoishiwa, nitasema nimeishiwa. Na akitokea wa kunivua, nitajaribu kushukuru kama wewe. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, uniombee kama huko mnaruhusiwa.

Lala, Shangazi. Umewachotea watu vya kutosha. Zamu hii niachie mimi.

Mwanao,
Sidi