Mhuri kwenye Ukurasa wa Mwisho

Teles, leo mjinga nilikuwa mimi, usitafute mwingine.

Ule usaili wa ufadhili wa masomo ya uzamili, wa wakutubi watakaotunza vitabu vya Kichina na Kijapani. Nikajitapa kwenye kamera kwamba vile vya Kijapani vya msaada hapa maktabani kwetu nimevigonga mhuri wa maktaba mwenyewe, vyote, ukurasa wa kwanza.

Mama Suzana, mwenyekiti wao, akasema, "Tuonyeshe kimoja."

Nikafunua jalada la kushoto kwa madaha. Mhuri huo, unang'aa.

"Huo ni ukurasa wa mwisho. Hivi vinaanzia kulia."

Hapo mtu mwenye akili hunyamaza. Mimi nikabisha. Teles, nilibisha! Nikasema labda kiwandani walijalidi vibaya.

"Kwa hiyo Japani nzima imekosea, mwanangu, umepatia wewe wa Shinyanga?"